Madame Alipovua Viatu vya Chuma

Ninyi mnaoanza kushika tupa na kisu cha kwato, nianze na jambo lililonichukua miaka kulielewa: mguu wa mnyama hauanzwi kwa kisu, unaanzwa kwa kiganja. Weka mkono wako juu ya ukwato, utulie hapo kama mtu anayempima mtoto homa, halafu ushike ule wa upande wa pili. Ukisikia mmoja una moto kuliko mwenzake, weka kisu chini. Siku hiyo si ya kukata. Mimi nilianza kwa kukata, ndiyo maana nina kovu kwenye paja, na ndiyo maana nilikaribia kumharibu farasi pekee aliyebaki kati ya miji ya Baraka na Fizi.

Nasikia siku hizi punda wameletwa pande zetu kuwasaidia akina mama kubeba mizigo, na kwamba baadhi yenu mnaitwa kuwatengeneza kwato. Vizuri. Punda ana akili kuliko farasi, na farasi ana akili kuliko nilivyokuwa mimi katika umri wenu.

Niliacha shule mwaka wa tano wa primaire. Watu husema umaskini ndio ulionitoa, nami huwaacha waseme, lakini ukweli ni kwamba dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Nilikuwa nikiona lori linapita nataka kujua linakwenda wapi. Wazazi walikuwa wamenipa jina la Musafiri, basi wasingelalamika. Nimepakia samaki kwenye mitumbwi ya Kazimia, nimechoma matofali Fizi-Centre, nimesukuma baiskeli zenye mitungi ya mawese mpaka mabega yakaota sugu. Misimu miwili ya kiangazi nilikaa milimani na wachungaji wanaosema Kinyarwanda, na huko mzee mmoja jina lake Rugaba alinionyesha kukata kwato za ng'ombe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Nikikosea alinikoholea.

Vita vilipoingia, njia ya kwenda kwao na njia ya kuja kwetu zikawa njia mbili tofauti, ingawa ni njia ile ile. Rugaba sikumwona tena. Nilishuka Baraka na kisu chake kiunoni, nikijiona bingwa wa kwato zote duniani.

Mjini Baraka alikuwako mkunga, Mama Feza. Alikuwa na nyonga mbovu tangu alipoanguka kutoka kwenye lori, mlima hakuweza kuupanda kwa miguu. Lakini alikuwa na Madame. Madame alikuwa farasi jike wa rangi ya udongo wa matofali, aliyeachwa na tajiri mmoja mwenye mashamba kando ya ziwa. Tajiri yule alipoondoka, alimpa Mama Feza farasi huyo kwa sababu ndiye aliyewazalisha wake za wafanyakazi wake wote. Magari yalikuwa yameshachukuliwa na wenye bunduki au yamekufa kwa kukosa mafuta. Basi wanawake wa vijiji vya juu, njia ya Fizi, walipoumwa uchungu walitega masikio kusikia vyuma vya Madame juu ya mawe. Ukisikia kle, kle, kle, unajua mkono unaojua kazi unakuja.

Aliyempigia Madame vyuma hivyo ni mhunzi, Papa Wilondja. Miaka yote ya yule tajiri kazi yake ilikuwa hiyo: kufua viatu vya farasi na kuvipigilia. Vita vilipoanza alirudi kwao Fizi kufua majembe na mapanga. Kila baada ya muda alishuka Baraka kubadilisha viatu vya Madame, misumari akiitengeneza mwenyewe kutoka kwenye vyuma vya ujenzi. Misumari hiyo ilikuwa minene. Kila ikipigwa, ukwato ulimeguka pembeni kama mkate uliokauka, na mara iliyofuata ilibidi apige juu zaidi.

Siku moja katikati ya msimu wa mvua, kiatu kimoja cha mbele kikalegea. Papa Wilondja alikuwa Fizi. Mimi nilikuwa napita, nikasema, "Mama, kwato ni kazi yangu."

"Weye unajua farasi?" akaniuliza.

"Farasi ni ng'ombe asiye na pembe," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Niling'oa viatu vyote vinne. Halafu nikaona katikati ya wayo kitu kama pembetatu, kigumu kama raba, ncha yake inatazama mbele. Papa Wilondja alikiita ulimi, nami nakiita hivyo mpaka leo. Farasi akikanyaga, ulimi ndio unaopokea uzito na kuisukuma damu ya mguu irudi juu. Mimi nilidhani ni uchafu ulioganda. Ng'ombe hana kitu kile. Nikakichonga miguu miwili ya mbele, na nilipofika wa tatu Madame akanipa lile teke la pajani lililonifanya nichechemee mpaka leo. Hata hilo halikunifundisha. Nikampaka mawese kwato zote, kwa kuwa kwetu mawese yanatibu kila kitu, ngozi kavu, kikohozi, hata bawaba ya mlango. Mwisho nikamfunga kwenye majani mabichi ya ufukweni, nikiamini ardhi laini ni kitanda chema kwa miguu inayouma.

Baada ya majuma mawili Madame hakutaka kutoka alipo. Wayo ulikuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Akikanyaga kijiwe kimoja anatetemeka mpaka begani.

Papa Wilondja aliposhuka, nilijificha nyuma ya nyumba ya jirani. Kutoka pale nilimsikia Mama Feza akisema, "Papa, rudisha viatu. Riziki atazaa mvua ikikata."

Riziki walimjua wote waliokuwa Baraka wakati ule. Alikaa kijiji cha juu. Uzazi wake wa kwanza uchungu ulikaa siku mbili, hakuna aliyefika, mtoto akafa na ikabaki kidogo naye amfuate. Sasa alikuwa na mimba ya pili. Kumshusha kwa machela haikuwezekana: vijana wanne wenye nguvu wakifika kwenye barieri, kizuizi cha askari njiani, machela inabaki chini na wao wanabebeshwa masanduku ya risasi. Riziki hakuweza kushuka, kwa hiyo Mama Feza ilibidi apande, na miguu ya Mama Feza ilikuwa hiyo minne iliyokuwa inatetemeka.

"Misumari niko nayo," Papa Wilondja akamjibu. "Mahali pa kuipiga ndiyo hakuna. Nikipiga tena, ukwato utapasuka wote."

"Sasa tutafanya namuna gani?"

"Atembee pekupeku."

"Farasi?"

"Mama, farasi hakuzaliwaka na chuma." Kisha akapaza sauti. "Na ule muntu yuko nyuma ya nyumba, atoke. Nitahitaji mikono."

Nilitoka. Sikutukanwa. Alinyanyua mguu wa mbele, akautazama ule ulimi niliouchonga, akapumua kwa pua. "Ulinoa kisu vizuri," akasema. Ndilo tusi pekee alilowahi kunipa.

Vijana, mkitaka kumtoa mnyama viatu, tafuteni fundi wa namna hiyo. Fundi anayejua tu kupigilia atakuambia haiwezekani, kwa sababu kwake haiwezekani. Papa Wilondja alikuwa ameishi kwa viatu vya farasi, na ndiye aliyesema tuvitupe. Nilimuuliza kwa nini hakusema zamani. Akaniambia kule kwa tajiri kulikuwa na farasi waliokuwa wakiachwa bila viatu kiangazi kizima kwenye uwanja wa mbali wenye kokoto, wakarudi na kwato ngumu kama vikombe.

"Nilikuwa ninaonaka," akasema. "Nikanyamaza. Nikisema, kazi yangu itakuwa wapi?"

Akakaa Baraka, hakurudi Fizi. Sababu nyingine aliniambia baadaye: kule juu wapiganaji walikuwa wameanza kumletea bunduki azitengeneze. Aliwaambia mikono inatetemeka. Nimemtazama akipiga tupa kwa zaidi ya miezi miwili, sikuona mkono ukitetemeka.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ndogo, na hapo ndipo vijana wengi mnashindwa. Kila juma alipiga tupa ukingoni tu, akiuviringisha kama ukingo wa sahani, ili ukwato usishikwe na jiwe ukameguka. Wayo hakuugusa. Ulimi hakuugusa. "Acha ujifunze kazi yake," alikuwa akisema. Tukamtoa Madame kwenye majani mabichi, tukamweka mahali pakavu nyuma ya nyumba. Kwa njia za kwenye mawe akamkatia viatu vya tairi la gari, vya kufunga na kamba za mpira, kama zile sandali tunazoziita lugabire, vya kuvaa mnyama akitembea na kuvua akipumzika. Baraka nzima ilikuja kutazama. Mama mmoja akasema, "Sasa Madame iko mukimbizi kama sisi."

Kilichotushinda kilikuwa chakula. Mnajua desturi yetu: hupiti mbele ya aliyekusaidia kuzaa ukiwa mikono mitupu. Mama Feza alikuwa amezalisha nusu ya Baraka, naye hakupenda kupokea zawadi, basi zawadi zote zilikwenda kwa Madame. Miwa, viazi vitamu, maganda ya muhogo, hata bukari, ule ugali wetu, iliyobaki asubuhi. Papa Wilondja alishika kwato akasikia moto, akasema, "Hii utamu yote iko inashuka kwa miguu." Nilidhani ni imani yake tu. Nimeona baadaye kwa macho yangu, kwa farasi na kwa punda: mnyama anayekula kama harusi anaumwa kwato.

Lakini utamkatazaje mtu zawadi? Tulijaribu. Mama mmoja, ambaye mapacha wake walitoka kwa mikono ya Mama Feza, aliweka muwa wake chini akaniuliza, "Batoto yangu haiko na maana?" Mwingine akaenda zake akilia. Siku ya tatu watu walianza kusema Mama Feza amekuwa na majivuno.

Papa Wilondja akalala na jambo hilo. Asubuhi akasimama njiani, akamwambia kila aliyepita, "Anayetaka kushukuru Madame, alete mawe ya ziwa. Madogo, ya mviringo. Beseni moja."

"Farasi inakula mawe?" wakamuuliza.

"Miguu yake ndiyo inakula."

Wakaleta. Hamjaona kitu kama kile. Wanawake wakitoka kuchota maji wanapita na beseni la kokoto kichwani, wanamwaga nyuma ya nyumba, wanamsalimu Madame kwa jina, wanakwenda. Yule mama wa mapacha alileta mabeseni mawili. Wakati huo barabarani walikuwa wakipita watu waliokimbia vita upande wa Makobola, magodoro kichwani, hawasemi mengi. Baadhi yao walitua mizigo, wakatazama, wakauliza kuna nini, na wawili watatu wakashuka ziwani wakaleta mawe nao, ingawa Mama Feza hakuwahi kuwazalisha. Tukapata uwanja wa kokoto wenye kina cha kiganja, kuzunguka mahali pa kunywea maji. Madame akitaka kunywa lazima akanyage. Mwanzo alikanyaga kama mtu anayetembea kwenye moto. Baada ya majuma manne alikuwa akisinzia juu yake.

Hapo kichwa kikanivimba tena. Papa Wilondja alikuwa amekwenda msibani. Nikamvua Madame viatu vya tairi, nikampeleka kwenye barabara ya mawe makali nione kama amepona. Alitembea vizuri, nikamwongeza, akatembea. Kesho yake mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na moto, naye anaunyanyua. Nilikuwa nimempotezea siku kumi, na siku zenyewe tulikuwa tunazihesabu kwa tumbo la Riziki.

Papa Wilondja aliporudi akanitazama. "Vua buti," akasema.

Nikavua. Akaniwekea gunia la chumvi begani, akanipeleka kwenye barabara ile ile. "Tembea."

Hatua ishirini, machozi yakanitoka.

"Ulizaliwa na miguu hiyo," akasema. "Buti umevaa miaka ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na miye ningekupa juma sita tu, ungekimbia?" Akachukua gunia, akalibeba mwenyewe mpaka nyumbani, mzee wa watu.

Moto wa mguu ulipokuwa umetulia, lakini kabla hazijaisha siku ambazo Papa Wilondja alitaka kumpumzisha Madame, mume wa Riziki alifika asubuhi, jasho limemkauka usoni. Uchungu ulikuwa umeanza alfajiri, majuma mawili kabla ya tulivyotarajia.

Mama Feza hakunitazama mimi. "Papa Wilondja, Madame ataweza?"

"Sijui, mama. Nikikuambia ninajua, nitakuwa mwongo."

"Tukimpigia viatu sasa?"

"Atafika kwenye mlima, kiatu kitang'oka na nusu ya ukwato. Pekupeku ataenda polepole, pengine atafika. Na chuma hatafika."

Mama Feza akafunga kitambaa kichwani. "Basi tuende polepole," akasema.

Tukaondoka watatu na Madame: yeye juu, mimi nimeshika kamba, Papa Wilondja nyuma na mfuko wake. Mume wa Riziki alipita porini, kuikwepa barieri.

Kwenye barieri askari walikuwa wanne. Mmoja akainama kutazama zile tairi.

"Hii nyama gani inavaa lugabire?"

"Iko farasi, chef," nikasema.

"Na mama haishuke?"

"Nyonga imekufa, chef," Mama Feza akajibu kutoka juu.

Akaniamuru nitembee mbele na nyuma. Nikatembea, nikichechemea zaidi kidogo ya ilivyohitajika. Akamgeukia Papa Wilondja. "Na weye, muzee?"

Papa Wilondja akanyoosha mikono. Ilitetemeka kama jani la mgomba kwenye upepo. Sijawahi kuona mikono ikitetemeka vile.

Askari akawaambia wenzake, "Hii ni hospitali ndiyo inatembea." Wakacheka. "Mupite, mutanipa ugonjwa."

Tulipopita kona, mikono ya Papa Wilondja ikatulia, akanusa ugoro wake.

Kwenye mteremko wa mawe, karibu na kijiji, kamba ya mpira ya mguu wa mbele wa kushoto ikakatika. Kiatu kikabingirika mpaka korongoni. Papa Wilondja akavua na kile cha kulia. "Mmoja mrefu na mmoja mfupi ni vibaya zaidi," akasema. Madame akasimama. Nikavuta kamba, hakwenda. Nilikuwa nasikia kichwani sauti ya Riziki, ambaye hata sikuwa nimewahi kumsikia. Nikazungusha kamba mkononi nivute kwa nguvu zangu zote.

"Lekea kamba," Papa Wilondja akasema.

"Atageuka arudi."

"Lekea."

Nikalegeza. Mama Feza juu akaweka mikono juu ya mapaja. Madame akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa mawe. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko niliopenda. Kisha akaiacha njia. Akachukua ukingo wa juu, penye udongo na mizizi ya majani, akajaribu kila hatua kabla ya kuweka uzito, kama mwanamke anayevuka mto na mtoto mgongoni. Njia ile sisi hatukuiona. Farasi mwenye chuma asingeisikia pia, chuma hakisikii. Nilichofanya mimi ni kumfuata.

Tulifika jua liko utosini. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia kutoka. Mama Feza akaingia ndani, mlango ukafungwa, na mume wa Riziki akakaa chini uani akauma kanga ya mke wake. Mimi nilitamani kumwambia Papa Wilondja kwamba tungekuwa na viatu vya zamani, farasi wa zamani, tungefika mapema kwa saa mbili. Nikamtazama, nikaona analijua, na kwamba amekuwa akilifikiri njia nzima. Nikanyamaza.

Ndani Mama Feza alikuwa akisema na Riziki kwa Kibembe, taratibu, kama mtu anayefundisha kusuka. Halafu Riziki akalia mara moja, na baadaye kidogo sauti nyingine, nyembamba, ya hasira.

Mama Feza alitoka akishika ukuta. "Wa kike," akasema. "Bote babili bazima. Mukono umevimba, lakini utapona."

Mume alicheka, akalia, akawa hajui amshukuru nani kwanza. Akamshika mkono Mama Feza, akanishika mimi, akafika kwa Papa Wilondja, aliyekuwa ameinama karibu na Madame.

"Papa," akamuuliza, "si weye ndiye fundi wa viatu vya farasi?"

"Nilikuwaka," Papa Wilondja akamjibu, akaomba maji ya Madame.